Futi 50 ni dakika ngapi? Hesabu ya kuokoa filamu za nyumbani za Jinja na Mbale

Harusi ya siku tatu iliyofanyika Jinja katika miaka ya 1950 inaweza kuwa imebaki duniani kwa dakika nne na sekunde kumi tu. Maharusi, wazazi, wapishi, watoto wanaokimbizana uani na majirani waliokuja kutazama, wote wamo kwenye mkanda wa futi 50 uliozungushwa kwenye rili inayoenea kiganjani. Mwenye kamera alijua vizuri kwamba ana dakika nne, akazigawa kwa uangalifu. Aliyerithi mkebe hajui. Anaona bati lenye kutu, ndani yake mkanda mwembamba wa rangi ya kahawia, na hana mashine ya kuuonyesha.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Kitu usichojua kina nini hukioni thamani. Mkebe unawekwa stoo, mvua inapita paani, panya wanapita juu yake, na siku ya kuhama nyumba unakwenda na taka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Makala haya yanahusu daftari hilo: namna ya kujua, bila projekta na bila fundi, filamu ya nyumbani ina urefu gani na itachukua dakika ngapi kuitazama. Vifaa ni rula, karatasi, kalamu na simu yenye kikokotoo. Elimu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya, ile tuliyofundishwa shule ya msingi.

Miji yenye mengi ya kupigwa picha

Jinja ya katikati ya karne iliyopita ilikuwa mji wa mambo makubwa. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa majini pale Mto Nile unapoanzia. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alizindua bwawa la umeme la Owen Falls. Kiwanda cha nguo cha Nytil kikafuata, na upande wa mashariki mashamba ya miwa ya Kakira yalikuwa yakiendelea kupanuka. Mji ulijaa wahandisi, madaktari, wamisionari, maofisa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye uwezo wa kununua kamera ndogo ya sinema.

Mbale, chini ya ukuta wa mawe wa Wanale na mteremko wa Mlima Elgon, ilikuwa na utajiri wa namna nyingine. Kahawa ya arabika ilishuka kutoka milimani, na mwaka 1954 wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, Bugisu Cooperative Union. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ngoma za kadodi zililia na vijana wa Kigisu wakatoka kucheza barabarani kabla ya kusimama mbele ya ngariba kwa ajili ya imbalu, tohara ya jadi yao. Mgeni yeyote mwenye kamera alitamani kupiga picha hiyo.

Kamera zenyewe zilikuja kwa hatua. Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa mkanda wa milimita 9.5 kwa matumizi ya nyumbani. Mwaka 1923 Kodak ya Marekani ikatoa wa milimita 16. Mwaka 1932, dunia ikiwa katikati ya mdororo wa uchumi, Kodak ikatoa mkanda wa bei nafuu zaidi wa milimita 8, na mwaka 1965 ikatoa Super 8, uliokuja ndani ya kasha la plastiki linalopachikwa kwenye kamera mara moja bila kuhangaika na mkanda.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mkondo huo. Kati ya 1935 na 1937, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatengeneza filamu za milimita 16 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit, ambayo baadaye iliwapelekea maofisa wa makoloni mikanda mitupu ili wapige picha huko waliko na kuirudisha London kusafishwa na kuhaririwa.

Kisha ikaja tarehe 4 Agosti 1972. Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, wakapewa siku 90. Familia za Jinja na Mbale zilifunga maisha yao kwenye masanduku machache. Mkebe wa filamu ni mwepesi, lakini kwenye sanduku unashindana na nguo za watoto, vyeti na vyombo. Iliyobebwa leo huenda iko kwenye dari ya nyumba Leicester, London au Toronto. Iliyoachwa huenda bado iko chini ya ngazi ya duka la zamani katika Main Street ya Jinja. Filamu nyingine za nyumbani, zilizopigwa na Waingereza waliofanya kazi katika makoloni, zimehifadhiwa katika Bristol Archives nchini Uingereza. Popote ulipo mkebe, hesabu yake ni ileile.

Kwanza: upana na vitundu

Nawa mikono na uikaushe vizuri. Kaa karibu na dirisha. Shika mkanda kwa kingo zake, usiguse uso wa picha, fungua kipande kama cha urefu wa mkono na ukilaze kando ya rula.

Upana ukiwa milimita 16, jibu unalo. Upana ukiwa milimita 8, usikimbilie kuandika, kwa maana kuna mikanda miwili ya upana huo: ule wa 1932, ambao wengi huuita 8 ya kawaida, na Super 8. Vitundu vya pembeni ndivyo vinavyotenganisha. Kwenye 8 ya kawaida vitundu ni vikubwa, na vimekaa kwenye mpaka wa picha moja na nyingine. Kwenye Super 8 vitundu ni vidogo na vyembamba, na kila kimoja kimekaa usawa wa katikati ya picha. Watengenezaji walipunguza ukubwa wa vitundu ili wapate nafasi ya picha kubwa zaidi kwenye mkanda wa upana uleule. Ukikuta kitundu kimoja tu katikati ya mkanda, kati ya picha na picha, hiyo ni Pathé ya milimita 9.5.

Ukiwa bado na shaka, hesabu vitundu ndani ya sentimita 10. Milimita 16 ina vitundu 13 hivi kwa upande mmoja, 8 ya kawaida ina 26, na Super 8 ina kati ya 23 na 24. Tofauti ya vitundu viwili inaonekana ndogo, lakini ndiyo itakayoamua dakika zako baadaye.

8 ya kawaida ina siri moja inayofaa kujulikana. Ilianza safari yake kama mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 25. Mpigaji alijaza nusu moja ya upana, akafungua kamera, akageuza rili na kujaza nusu ya pili. Maabara iliusafisha, ikaukata katikati kwa urefu na kuunga vipande viwili, ukawa mmoja wa futi 50. Ndiyo maana katikati ya rili nyingi za aina hii, baada ya dakika mbili hivi, picha hupotea ghafla katika mwanga mweupe au wa machungwa. Mwanga huo uliingia wakati rili ikigeuzwa. Kwa anayepima, ni ushahidi kwamba rili ni nzima na haijapunguzwa. Ukiona mwanga huo unakuja mapema mno, kuna kipande kimekatwa mwanzoni.

Sasa shika tarakimu tatu. Futi moja ya milimita 16 ina picha 40. Futi moja ya 8 ya kawaida ina picha 80. Futi moja ya Super 8 ina picha 72.

Pili: urefu wa mkanda

Njia ya haraka ni kupima rili kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa mikanda ya milimita 8, rili ya inchi 3 imekusudiwa futi 50, ya inchi 5 futi 200 na ya inchi 7 futi 400. Lakini rili inaonyesha uwezo wake, haionyeshi kilichomo. Familia nyingi ziliunga rili nne ndogo kwenye moja ya futi 200 ili zisisimame kila baada ya dakika chache wakati wa kuonyesha. Wengine walikata sehemu zilizoharibika, na rili ikabaki nusu tupu.

Kwa hiyo pima mkanda wenyewe ukiwa umezungushwa, bila kuufungua. Chukua rula, weka sifuri katikati kabisa ya rili. Pima kutoka hapo hadi ukingo wa nje wa mkanda, andika kwa milimita. Pima tena kutoka hapohapo hadi mahali mkanda unapoanza kuzunguka kitovu, andika. Kila namba izidishe kwa yenyewe, toa ndogo kwenye kubwa, zidisha tofauti kwa 3.14, kisha gawanya kwa unene wa mkanda. Mikanda mingi ya zamani ya asetati ina unene wa milimita 0.15 hivi. Jibu ni urefu kwa milimita.

Tuseme umepata milimita 60 kwa nje na 25 kwa ndani. 60 mara 60 ni 3,600. 25 mara 25 ni 625. Tofauti ni 2,975. Zidisha kwa 3.14, gawanya kwa 0.15, unapata kama milimita 62,300, yaani mita 62.3. Futi moja ni mita 0.3048, kwa hiyo una futi 204 hivi. Umejua urefu wa mkanda mzima bila kuufungua hata mzunguko mmoja.

Ni makadirio, na ni vyema kuyaita hivyo. Mkanda uliozungushwa kwa kulegea utaonekana mrefu kuliko ulivyo. Mikanda ya poliesta, kama ile ya kampuni ya Fuji iliyoitwa Single-8, ni myembamba zaidi, kwa hiyo rili yenye ujazo uleule huwa na futi nyingi zaidi. Hata hivyo, makadirio ya namna hii yanatosha kabisa kujua kama una dakika tatu au dakika kumi na saba.

Tatu: mwendo wa picha

Urefu peke yake hauna dakika. Dakika zinapatikana pale unapojua kamera ilikuwa ikipiga picha ngapi kwa sekunde. Kamera za nyumbani za zamani, zilizokuwa zikiendeshwa kwa springi, mara nyingi zilikwenda kwa picha 16. Baadaye 18 ikawa ya kawaida, hasa baada ya Super 8. Filamu ya kitaalamu yenye sauti ilikwenda kwa picha 24. Ukiona Super 8 yenye mstari mwembamba wa kahawia ukingoni, huo ni wa sauti, nayo inaweza kuwa 18 au 24.

Kanuni ni hii: zidisha futi kwa idadi ya picha za kila futi, kisha gawanya kwa mwendo. Kwa bahati njema, hesabu tatu zinazotumika zaidi zina njia ya mkato. 8 ya kawaida kwa mwendo wa 16, kila futi ni sekunde 5 kamili. Super 8 kwa mwendo wa 18, kila futi ni sekunde 4 kamili. Milimita 16 kwa mwendo wa 16, kila futi ni sekunde 2 na nusu. Milimita 16 hiyohiyo kwa mwendo wa 24, futi 36 ni dakika moja.

Rudi kwenye zile futi 204. Zikiwa 8 ya kawaida, futi 204 mara sekunde 5 ni sekunde 1,020, yaani dakika 17. Zikiwa Super 8, ni sekunde 816, dakika 13 na sekunde 36. Urefu ni uleule, tofauti ni dakika tatu na zaidi, na chanzo chake ni vile vitundu viwili ulivyohesabu dirishani.

Rili ya futi 50 ya 8 ya kawaida kwa mwendo wa 16 hutoa dakika 4 na sekunde 10. Kasha la Super 8 la futi 50 hutoa dakika 3 na sekunde 20 kwa mwendo wa 18, au dakika 2 na nusu kwa mwendo wa 24. Rili ya futi 100 ya milimita 16 kwa mwendo wa 16 hutoa dakika 4 na sekunde 10 vilevile. Tarakimu hizo si bahati nasibu: futi 50 za 8 ya kawaida na futi 100 za milimita 16 zote zina picha 4,000.

Mwendo si jambo la dakika pekee. Ni jambo la ukweli. Filamu ya kadodi iliyopigwa Mbale kwa picha 16, ikionyeshwa kwa picha 24, itawafanya vijana wacheze kwa kasi ya mara moja na nusu. Miguu itakuwa ya haraka isiyo yao, mabega yatatikisika kama ya watu wenye hofu, na mzee anayetembea polepole kando ya barabara ataonekana anatimua mbio. Kizazi kinachotaka kujifunza uchezaji wa babu zake kutoka kwenye filamu hiyo kitajifunza kitu ambacho hakikuwapo. Ndiyo maana anayepima asiishie kwenye mkebe. Akipata kuona picha, amtazame mtu anayetembea bila haraka, au maji yanayomwagwa kutoka kwenye mtungi. Jicho linajua mwendo wa mambo hayo. Yakionekana ya haraka, mwendo uliotumika si wenyewe.

Futi sita zilizopimwa kuliko zote

Anayedhani hesabu hii ni ya wenye muda wa kupoteza na akumbuke Dallas, tarehe 22 Novemba 1963. Abraham Zapruder, mfanyabiashara wa nguo, alikuwa amesimama na kamera yake ya milimita 8 wakati Rais John F. Kennedy alipopigwa risasi. Filamu yake ina picha 486. Ukigawanya kwa 80, ni futi sita na kidogo.

Wachunguzi walitaka kujua muda kati ya tukio na tukio, lakini mkanda hauna saa. Ikabidi kamera ipimwe, ikaonekana inakwenda kwa wastani wa picha 18.3 kwa sekunde. Hapo ndipo filamu ikawa na muda wa sekunde 26 na nusu hivi, na kila picha ikawa na mahali pake katika mfuatano wa matukio. Mjadala mzima kuhusu risasi zilizopigwa umesimama juu ya mgawanyo huo mmoja. Ni hesabu ileile atakayoifanya mama wa Bugembe kule Jinja au mwalimu wa Nkoma kule Mbale kwenye meza ya chakula.

Kutoka dakika hadi mwaka

Ukishapata aina na muda, tafuta mwaka. Aina ya mkanda inakupa mpaka wa kwanza: Super 8 haiwezi kuwa ya kabla ya 1965, wala 8 ya kawaida ya kabla ya 1932. Kisha tazama ukingoni kwa kioo cha kukuza. Kodak walikuwa wakichapa alama ndogo za duara, mraba na pembetatu kuonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa, na mfuatano wa alama hizo ulijirudia kila baada ya miaka 20. Alama peke yake inaweza kukupa miaka miwili au mitatu tofauti. Aina ya mkanda hukusaidia kuchagua.

Baada ya hapo, mahali penyewe hutoa ushahidi. Katika filamu ya Jinja, maji yakionekana yakimwagika juu ya miamba ya Ripon, pale John Speke alipofika mwaka 1862, picha hiyo ni ya kabla ya bwawa kuyafunika maporomoko. Katika filamu ya Mbale, mila yenyewe ni kalenda. Tuseme una Super 8 ambayo alama yake inaonyesha ilitengenezwa 1965, na ndani yake kuna imbalu. Imbalu haifanyiki mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa hiyo mwaka wa kufikiria kwanza ni 1966. Huhitaji barua wala hati.

Harufu ya siki

Kuna sababu ya kufanya haya sasa. Mikanda ya asetati huoza. Joto na unyevu huivunja kemikali yake, nayo hutoa asidi ileile inayopatikana kwenye siki. Ukifungua mkebe ukapigwa na harufu kali ya siki, uozo umeanza, na asidi inayotoka huongeza kasi ya uozo wenyewe. Hauwezi kurudishwa nyuma, unaweza kucheleweshwa tu kwa mahali pakavu na pa baridi. Stoo ya mabati katika mji ulio kando ya ziwa, kama Jinja, haikuumbwa kwa ajili ya kutunza asetati.

Mkanda unaooza pia husinyaa, na hapa rula inafanya kazi ya daktari. Kipande cha milimita 762 kinapaswa kuwa na picha 100 za milimita 16, au 200 za 8 ya kawaida, au 180 za Super 8. Hesabu picha, pima urefu. Ukikuta picha hizo zimeingia kwenye milimita 754, mkanda umesinyaa kwa asilimia moja. Mkanda wa namna hiyo usiutie kwenye projekta ya kawaida hata kidogo. Meno ya mashine hayatalingana na vitundu, na kitakachofuata ni kuchanika kwa picha ambayo haina nakala nyingine duniani.

Kabla ya kulipa

Njia iliyo salama ni kuhamishia picha kwenye kompyuta kwa mashine inayopiga kila picha moja moja. Maabara nyingi zinazofanya kazi hiyo hutoza kwa futi au kwa rili, kwa hiyo asiyejua futi zake anaingia dukani bila kujua anachonunua. Familia yenye rili tatu za futi 50, mbili za futi 200 na moja ya futi 400 ina futi 950. Zikiwa 8 ya kawaida kwa mwendo wa 16, ni dakika 79 na sekunde 10. Zikiwa Super 8 kwa mwendo wa 18, ni dakika 63 na sekunde 20. Zikiwa za milimita 16 kwa mwendo wa 24, ni dakika 26 na kidogo. Ukipokea faili la dakika 40 wakati hesabu yako ilisema 63, uliza. Ama kuna rili haikufanyiwa kazi, ama mwendo umebadilishwa.

Mambo matatu yaandikwe kwenye makubaliano: picha zichukuliwe moja moja, mwendo wa asili uheshimiwe, na mkanda wenyewe urudishwe. Faili hufutika na simu huibiwa. Mkanda uliotunzwa vizuri unaweza kuzizika kompyuta kadhaa.

Daftari na wazee

Kila mkebe upewe ukurasa wake. Andika aina ya mkanda, urefu kwa futi, mwendo unaoudhani, dakika, alama ya ukingoni, hali ya mkanda na maandishi yoyote ya kwenye bati, hata kama huyaelewi. Maandishi ya Kigujarati yaliyofifia leo yanaweza kusomwa kesho na mtu aliyeko Leicester.

Kisha acha nafasi kubwa kwa ajili ya majina, kwa maana kazi iliyobaki haifanywi kwa rula. Mtoto wa miaka kumi aliyekuwa kwenye harusi ya 1956 leo anakaribia miaka 80. Yeye ndiye anayeweza kusema yule aliyeshika sinia ni nani, na duka lile lilikuwa la nani kabla ya 1972. Hapo dakika zinakuwa na faida ya pili. Rili ya dakika nne, ikisimamishwa kila mahali panapoonekana uso, ni mazungumzo ya mchana mzima, na mzee wa miaka 80 hawezi kuketishwa mbele ya rili ya dakika 33 akamaliza siku moja. Anayejua muda wa kila rili hupanga vikao kwa heshima, kimoja kwa juma, na kila kikao kikarekodiwa kwa simu. Penye wazee haliharibiki neno.

Waganda wameshaonyesha kwamba mambo haya yana watu wake. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda, Kampala, yaliweka maonyesho ya picha za wakati wa Amin zilizokutwa kwenye kabati la Shirika la Utangazaji la Uganda, makumi ya maelfu ya negativu zilizokaa miongo bila kuangaliwa. Zilikuwa picha za serikali, zikionyesha serikali ilichotaka kionekane. Filamu za nyumbani zina upande mwingine wa miaka hiyo na ile iliyoitangulia: jikoni, uani, sokoni, njiani kwenda shule, na vijana wa Kigisu wakicheza mbele ya mama zao. Hakuna ofisi iliyoagiza zipigwe, na hakuna ofisi itakayokuja kuzitafuta nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo mwenye mkebe asisubiri kuitwa. Jumamosi hii afungue mmoja, ahesabu vitundu ndani ya sentimita 10, apime kutoka katikati ya rili hadi ukingoni, aandike futi na dakika kwenye karatasi na kuibandika juu ya bati. Kisha ampigie simu mtu mzee kuliko wote katika ukoo na kumuuliza lini ana nafasi.